Spika ya Nta

Niseme mapema nisije nikasifiwa kwa nisichostahili: gitaa mimi silijui. Nilijua mishiko mitatu, nikaizungusha miaka yote ya bendi yetu, na wenzangu wakanivumilia. Kazi yangu ilikuwa ufundi redio. Nilikuwa na kibanda jirani na soko la Tabora, chenye meza moja, chuma cha kulehemu, na redio za watu zilizopangwa ukutani zikisubiri vipuri. Miaka ile ya Ujamaa kipuri kilikuwa kitu cha kuulizia zaidi kuliko kununua. Mtu alipita asubuhi akauliza, "Fundi, vipi?" nikamjibu, "Bado," akakaa, tukazungumza, akaenda zake bila kinyongo. Kesho yake alirudi. Sijui kama wengine walizihitaji kweli hizo redio au walihitaji mahali pa kukaa.

Bendi ilianza kwa tabia yangu mbaya ya kuchelewesha kazi za watu. Mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akifundisha sekondari aliniletea gramafoni yake iliyokatika mkanda, na ndani ya sanduku lake mlikuwa na santuri moja. Mkanda niliupata siku ya pili. Gramafoni niliirudisha baada ya miezi miwili. Katikati hapo, kila mchana, niliiweka ile santuri nikaisikiliza mpaka nikaujua kila mkwaruzo wake. Vijana fulani wa ng'ambo walipiga magitaa yaliyolia kwa kuyumba, kama maji yanayotikiswa ndani ya sufuria, na sauti zao zilitoka mbali, zikapotea, zikarudi kwa upande mwingine. Maneno sikuelewa hata moja. Nilichoelewa ni kwamba kumbe si lazima gitaa liwe safi.

Siku moja seremala mwenye karakana kule Kitete alikuja kuulizia redio yake, akaukuta muziki ule. Alisimama mlangoni mpaka upande wa kwanza ukaisha, kisha akasema, "Geuza." Alikuwa mtu mrefu, mwenye ulimi mkali, kutoka familia ya Kimoraviani ya Itetemia. Gitaa alilijua tangu utotoni. Alikuwa amelipiga kanisani kwa adabu kwa miaka mingi, na alikuwa amechoka na adabu. Akaniuliza kama naweza kulifanya gitaa lake lilie vile. Nikasema naweza. Sikujua nitaweza vipi, lakini huo ndio ugonjwa wangu, kushindwa kumkatalia mtu aliyesimama mlangoni.

Spika niliyokuwa nayo ilitoka kwenye redio kubwa ya zamani, na karatasi yake ilikuwa imeliwa na panya. Gundi haikupatikana mjini. Nta ya nyuki ilikuwepo, kwani Tabora nta haijawahi kuadimika; warina asali waliileta sokoni madonge kwa madonge. Nikaliziba lile tundu kwa kipande cha karatasi ya daftari na nta. Tulipowasha, sauti ilitoka ya kawaida kabisa, na seremala akaanza kunicheka. Alikuwa bado ananicheka pale spika ilipopata joto. Nta ikalainika, kiraka kikaanza kucheza chenyewe, na gitaa likatoa sauti ya mtu anayeimba huku ana asali mdomoni. Seremala alirudia wimbo uleule mara tano. Siku hiyo hakuulizia tena redio yake.

Tukawa wanne. Wa tatu alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu mkubwa wa mwili, mwenye watoto wengi na maneno machache, naye alishika gitaa la besi. Wa nne alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyepiga ngoma. Mwalimu huyu alipenda utaratibu kuliko kitu chochote. Siku ya kwanza ya mazoezi, kabla hajagusa ngoma, alitaka tufanye kikao. Alisema nchi nzima inajiendesha kwa vikao, na sisi tukijiendesha kienyeji tutagombana. Akajichagua mwenyekiti. Mimi nikawa katibu, kwa sababu kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Wale wawili wakawa wajumbe. Tangu hapo hatukuwahi kuamua jambo bila ajenda, hata kama jambo lenyewe ni nani ataanza kuoga tukifika Urambo.

Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na za mashirika, za majeshi, na za matajiri wenye vyombo. Sisi vyombo vilikuwa vyetu. Magitaa seremala aliyachonga kwa mbao za mninga, mazito kiasi kwamba hadi leo bega langu la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia. Ngoma za mwalimu zilikuwa za mapipa. Amplifaya niliiunda kwa mabaki ya redio tatu ikawa inakula betri ya gari. Tulipiga dansi la mchana kila Jumapili, tumevaa suruali za bugaluu zilizofagia sakafu, na watu wakauita muziki wetu kizunguzungu. Nyimbo zilitungwa na seremala. Mmoja ulihusu mtu aliyeota kwamba nyumba zote za mjini zimepakwa rangi ya papai bivu, na hakuna aliyemwamini alipoamka. Mzee mmoja wa chama alituita kutuuliza wimbo huo una maana gani. Seremala akamjibu kwamba hata yeye anaitafuta. Mzee akafikiri, akasema basi akiipata amletee.

Nilikuwa na furaha sana siku hizo, na ndani ya furaha hiyo nilikuwa na hofu moja. Wenzangu watatu walikuwa wanamuziki. Mimi nilikuwa mtu wa mishiko mitatu. Nilijua kwamba siku moja watu wenye vyombo vizuri watawasikia, watawataka, na hawatakuwa na haja na mimi. Sikumwambia mtu. Nilipokuwa nikiwatazama wanavyopiga, nilikuwa nikiwahesabia siku.

Safari zetu zilifuata reli. Mtu wa reli aliwajua walinzi wote wa treni, akatutafutia nafasi na vyombo vyetu hadi Kaliua, na pale njia inapogawanyika tuliamua kwa kikao kama tunaendelea na ya Kigoma au tunashika ya Mpanda. Miezi ya baridi ilitusumbua, kwa sababu spika ikiwa na baridi ilisema kweli tupu, bila kuyumba. Ikabidi tuwe tunaianika juani kwenye mkeka kabla ya onyesho. Pale Kaliua mama mmoja alitusalimu kwa Kinyamwezi, akasimama akaitazama, akatuuliza tunaanika nini.

Mtu wa reli akamjibu, "Sauti, mama."

Mama akainama kuichunguza. "Basi igeuzeni, baba. Huku chini itabaki mbichi."

Tukaigeuza. Sijui kama ilisaidia, lakini tangu siku hiyo tuliigeuza kila mara.

Tulipiga pia katika vijiji vipya vya Ujamaa, ambako nyumba zilikuwa zimepangwa mistari na watu walikuwa bado wanajifunza majina ya majirani. Mahali pengine betri yetu iliisha, tukaazima ya lori la tumbaku. Dansi lilipokwisha lori likakataa kuwaka. Wote waliokuwa wakicheza wakalisukuma, wanaume kwa wanawake, huku mwalimu akiwapigia pipa ili wasukume kwa pamoja, na lilipowaka wakadai wimbo mwingine. Dereva akazima injini ili asikilize vizuri. Tukalisukuma tena.

Kisha ikaja barua kutoka kituo cha redio Dar es Salaam, ikituita tukarekodi nyimbo nne. Mji mzima ulijua kabla sijamaliza kuisoma. Tulipanda treni daraja la tatu, spika nimeipakata mapajani, nimeifunika kwa kanga ya mke wangu. Kila mtu behewani alidhani nimebeba mtoto mgonjwa, na bibi mmoja alinipisha dirishani. Sikumsahihisha.

Studio ilikuwa chumba kizuri kilichofunikwa vitambaa ukutani, na kilikuwa na kiyoyozi. Hatukuwa tumewaza habari ya kiyoyozi. Fundi mitambo mwenyewe alikuwa amevaa sweta. Tulifunga vyombo, tukapiga wimbo wa kwanza, na spika yetu ikatoa sauti iliyonyooka kama ya gitaa la kanisani. Nta ilikuwa imegandamana ikawa ngumu kama kigae. Fundi mitambo alifurahi. Alisema bendi za bara kumbe ni safi hivi.

Mwalimu aliomba dakika tano tufanye kikao nje kwenye ujia. Ajenda ilikuwa moja. Mtu wa reli alisema tumalize tu, tumeshafika. Mimi, kwa aibu yangu, nilimuunga mkono. Nilifikiri bora turekodi kawaida, tusisikike sana, turudi nyumbani wanne. Seremala akatutazama. "Mimi sikusafiri njia yote hii kuja kupiga kwa adabu," akasema. "Fundi, tafuta joto."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na dobi anayepiga pasi nguo kibarazani. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba tuna mgonjwa anayehitaji joto, maana sikuweza kumweleza kingine. Akanipa pasi yake ya mkaa, imejaa, inatoa cheche. Niliingia nayo studio huku mwalimu akinitangulia. Fundi mitambo akauliza ile ni nini. Mwalimu hakuwa mtu wa kusema uongo, akatokwa jasho kwenye baridi ile. Akasema, "Ni chombo." Fundi akatazama pasi, akatazama sura zetu, akarudi nyuma ya kioo chake.

Kwenye wimbo wa pili nilichuchumaa nyuma ya spika nikaishikilia ile pasi, na sauti yetu ikaanza kurudi. Wimbo wa tatu ulikuwa ule wa rangi ya papai. Hapo nikazidisha. Nilisogeza pasi karibu mno, nta ikayeyuka ikachuruzika sakafuni, kiraka kikabaki kimeshikilia upande mmoja. Gitaa la seremala likazama, likapanda, likacheka, likaanza kulia kama watu wawili wanaozungumza chumba cha pili. Moshi wa mkaa ulijaa, mtu wa reli akakohoa. Nyuma ya kioo nilimwona fundi mitambo ananyanyua mkono kutusimamisha. Mkono ukabaki juu. Seremala alikuwa amefumba macho, anaimba, anaifuata ile sauti kokote ilikokwenda, na mwalimu na mtu wa reli wakimfuata yeye. Fundi mitambo akaushusha mkono polepole, akaacha utepe uzunguke hadi mwisho.

Wimbo huo ndio uliotujulisha kwa watu. Ulipigwa redioni mchana, baada ya salamu za wasikilizaji, na mimi niliusikia kibandani kutoka kwenye redio ya mteja niliyokuwa nimeshaitengeneza na sijaitoa. Watu walisimama mlangoni na barabarani. Kikohozi cha mtu wa reli kimo, kinasikika vizuri kabisa. Kitu kisichokuwemo ni gitaa langu, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na pasi. Nilisubiri mtu aseme kwamba pana kitu kimepungua. Hakuna aliyesema, kwa sababu hakikupungua kitu.

Mwaka ule tulizunguka kuliko wakati wowote. Nilitengeneza kiraka kipya, nikajifunza kukiacha kining'inie kidogo, na Nzega na Igunga walituita mara mbili mbili. Tulikula ugali wa kila wilaya. Mtu wa reli alinenepa. Seremala alitunga wimbo wa nyuki wanaogombea maji kisimani, akanifundisha mshiko mwingine kwa ajili yake, na nilipoushindwa akaubadilisha wimbo badala ya kunibadilisha mimi. Alinitukana wakati anaubadilisha, lakini aliubadilisha.

Ndipo ikaja barua nyingine, imeandikwa kwa katibu wa bendi. Shirika moja la umma lilikuwa na bendi yake Dar es Salaam na vyombo vipya kutoka nje. Waliusikia wimbo wetu. Walitaka mpiga solo, mpiga besi na mpiga ngoma, waajiriwe kwa kudumu, wapewe na nyumba. Mpiga rithimu, ambaye kwetu ndiye mimi, walisema wanaye.

Niliisoma nimesimama. Kisha nilifungua mgongo wa redio ya mtu, nikaiweka humo, nikakaza skrubu. Ilikaa humo siku tatu. Sijivunii hilo, na sijawahi kulisema mpaka sasa. Siku ya nne mtu wa reli alipita na mwanawe mdogo begani, akanisalimu, akaniletea karanga ambazo mkewe alikaanga. Nyumbani kwake walikuwa wanane kwenye chumba kimoja pamoja na kitanda. Nilichukua bisibisi nikaitoa barua.

Kikao kilikuwa Jumamosi, darasani kwa mwalimu, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Niliisoma barua yote kwa sauti, sikuruka kitu. Hakuna aliyenitazama. Mwalimu alijikuna shingo, akasema, "Katibu, samahani sana. Utaratibu ni kwamba anayejadiliwa hutoka nje."

"Naujua," nikasema. "Ila iandikwe kwamba kura yangu ni waende."

"Aliye nje hana kura," mwalimu akasema, na sauti yake haikuwa nzuri.

Nikatoka. Uwanja wa shule ulikuwa mtupu, jua kali, na nilikaa chini penye kivuli chembamba cha ukuta wa darasa. Nilikuwa nimesema waende, na nilikuwa namaanisha. Seremala alistahili gitaa lisilomvunja bega. Mwalimu alistahili ngoma zisizonuka mafuta ya taa. Niliwaza kwamba nitarudi kwenye redio zangu, na kwamba mtu akiniuliza nitasema niliwahi kuwajua wale. Nilijaribu kujizoeza kulisema hilo bila uso wangu kubadilika. Ndani nilisikia seremala anasema kitu kirefu, kisha dawati likaburutwa.

Mtu wa reli ndiye aliyenifungulia mlango. Nikakaa mahali pangu, nikafungua daftari, nikashika kalamu, nikasubiri kuambiwa.

"Andika," mwalimu akasema. "Barua imejadiliwa. Imekataliwa. Katibu awajibu kwa heshima na kuwashukuru."

Niliandika mpaka kwenye nukta. "Sababu?" nikauliza, kwa kuwa katibu lazima aulize.

"Usijione," seremala akasema. "Wale watu wanavaa suti za kijani jukwaani. Mimi suti ya kijani sivai." Alikuwa anachezea ncha ya dawati kwa kidole chake cha seremala, na alikuwa hanitazami. Tangu nimjue, huyu mtu ambaye hakuwa na simile na yeyote, sikuwahi kumwona akikosa pa kuweka macho.

"Sababu waweza kuiacha," mwalimu akasema. "Andika kura. Kura nne zimekataa."

Nikadhani amekosea. "Mwenyekiti, mlikuwa watatu."

"Nne."

"Mimi nilikuwa nje. Umesema mwenyewe aliye nje hana kura."

Mwalimu, mtu wa utaratibu, akatazama ubao mtupu. Mtu wa reli, ambaye siku hiyo sikuwa nimesikia neno lake, akainama mezani akaweka kidole chake kinene kwenye daftari langu, pale pa kuandika.

"Tulikuhesabu," akasema. "Andika nne."

Nikaandika nne. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na nililia mbele yao bila kujificha, na hakuna aliyenitania mpaka Jumatatu.